Kuokoa na kufufua ndege za mabomu za Vita vya Pili vya Dunia: mwongozo kamili kwa mtu wa kawaida

Kabla hujanunua hata spana moja naomba ulielewe hili. Ndege iliyolala ziwani au matopeni miaka themanini, mara nyingi iko salama zaidi hukohuko kuliko kwenye banda lako. Ikitoka tu na kupigwa na hewa, kutu inaamka, na kama hujaandaa pa kuiweka, maji ya kuioshea, watu wa kukusaidia na hela ya miaka kadhaa, itaoza mbele ya macho yako. Nimeona vipande vimetolewa shambani kwa shangwe na baada ya misimu michache vimebaki unga mweupe sakafuni. Ndo maana kazi hii mi naipanga hivi: banda kwanza, karatasi pili, kuivuta ndege itoke ndo baadaye kabisa.

Mi nipo Uingereza, wikendi zangu nyingi nashinda na kikundi cha watu wa kujitolea kwenye hanga, yaani banda la ndege, kwa hiyo mengi hapa ni ya huku, kwenye ndege za mabomu za Kiingereza kama Lancaster, Halifax na Wellington. Kazi ya chuma lakini ni ileile hata kwa B-17 ya Mmarekani.

Na kwa nini tuhangaike? Lancaster zilitengenezwa 7,377, leo zinazoruka ni mbili tu, moja Uingereza moja Kanada. Halifax zilikuwa 6,176 na hamna hata moja inayoruka. Vijana wa Bomber Command, kikosi cha ndege za mabomu cha jeshi la anga la Uingereza (RAF), waliokufa ni 55,573, na wengi wao ndege ndo ilikuwa kaburi lao. Hilo la kaburi likae kichwani muda wote.

Amua unataka nini

Kwanza achana na wazo la kurusha. Kurusha ndege ya mabomu ya injini nne ni kazi ya taasisi yenye mamilioni na mainjinia wenye leseni. Ndugu wawili, Fred na Harold Panton, walinunua Lancaster NX611 mwaka 1983 kwa kumkumbuka kaka yao Christopher aliyeuawa kwenye Halifax usiku wa shambulio la Nuremberg, Machi 1944. Ile ndege, watu wanaiita Just Jane, iko East Kirkby, injini zinawaka na inatembea uwanjani, lakini kazi ya kuirudisha angani imeendelea miaka na miaka, na hiyo ni ndege iliyokuwa nzima, haikuanguka popote.

Kwa mtu wa kawaida malengo yanayowezekana ni matatu. La kwanza ni kujiunga na mradi ulioko tayari, na hapa sisemi kwa kukupunguzia moyo, hii ndo njia bora kuliko zote. B-29 inayoitwa Doc ilitolewa kwenye jangwa la China Lake, California, ikafufuliwa Wichita na watu wa kujitolea, wengi wastaafu wa viwanda vya ndege, ikaruka Julai 2016. Pale Urbana, Ohio, wapo wanaojenga B-17 kipande kwa kipande tangu 2005. La pili ni kuchukua sehemu moja tu, mfano pua ya ndege, tareti (kile kibanda cha bunduki kinachozunguka), meza ya navigeta, yaani msoma ramani, au kipande cha mkia, ukaifufua vizuri hadi mwisho. La tatu ni kuhifadhi mabaki kama yalivyo bila kuyajenga upya.

Hili la tatu watu wanalidharau na wanakosea. Angalia Halifax mbili zilizotoka kwenye maziwa ya Norway. W1048 ilienda kuipiga Tirpitz, meli ya kivita ya Wajerumani, Aprili 1942, ikapigwa, rubani akaitua juu ya barafu ya ziwa Hoklingen, watu wakatoka hai, barafu ikayeyuka ikazama. Ikatolewa 1973 na leo iko makumbusho ya RAF, Hendon, imewekwa ilivyo, mbavu nje, bati limechanika. Ya pili NA337 iliangushwa Aprili 1945 ikitoka kudondosha vifaa vya wapiganaji wa siri wa Norway, ikaangukia ziwa Mjøsa, kati ya wote waliokuwemo akabaki mmoja tu, mpiga bunduki wa mkiani Thomas Weightman. Ilitolewa 1995 kwenye kina cha zaidi ya mita 200, ikapelekwa Trenton, Ontario, ikajengwa upya ikakamilika 2005 na ukiiona utadhani imetoka kiwandani. Zote mbili ni kazi za heshima. Ila ukishang'oa bati la zamani ukaweka jipya, ushahidi uliokuwa kwenye lile la zamani umeenda na haurudi, kwa hiyo mi msimamo wangu ni huu: kama kipande ni cha nadra sana na kina alama za tukio lenyewe, safisha, zuia kutu, acha. Kama ni kipande cha kawaida kilichokuwa kimegeuzwa banda la kuku, jenga.

Na la banda la kuku sitanii. Ile Halifax ya Elvington, Yorkshire, imeanzia kwenye kipande cha bodi ya HR792 kilichokuwa kinafugiwa kuku kisiwa cha Lewis, Scotland, mabawa yakatoka kwenye ndege nyingine, Hastings, ikatolewa hadharani Septemba 1996. Ndo maana nasema kabla ya kwenda kuchimba mlimani, zunguka mashambani na kwa wauza skrepa. Baada ya vita wakulima walichukua vipande vingi wakafanya mabanda na mapaa, na kipande kilichokaa juu ya ardhi kwa mmiliki anayejulikana hakina kaburi, hakina mabomu, na unaweza kukinunua kwa risiti. Newark Air Museum huwa kuna maonyesho ya CockpitFest na soko lao la vipande, ukienda pale utajifunza zaidi kuliko mwezi mzima wa intaneti.

Karatasi

Uingereza kuna sheria ya mwaka 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi, Protection of Military Remains Act. Ndege yoyote ya kijeshi iliyoanguka inalindwa yenyewe moja kwa moja, hata kama hamna kibao wala uzio. Kuchimba, kusogeza au kuondoa kitu bila leseni ya Wizara ya Ulinzi ni kosa la jinai. Leseni inaombwa kitengo kinaitwa JCCC, na wanataka uwaonyeshe ni ndege gani hasa, waliokuwa ndani yake iliwakuta nini, na mwenye shamba amekubali. Pakiwa na uwezekano wa miili au mabomu hawakupi, na usibishane nao kwa hilo.

Utafiti wa kuombea leseni ndo kazi tamu kwangu. Unaenda hifadhi ya taifa pale Kew kwenye mafaili ya AIR 27, hizo ni shajara za kila skwadroni siku kwa siku, unapata nani aliruka, saa ngapi, na mzigo gani. Kadi ya ndege yenyewe inaitwa Form 78. Kwa ndege za Mmarekani tafuta ripoti za MACR, yaani za ndege ambazo watu wake hawakurudi, zina majina na mara nyingi mashahidi wa mwisho kuiona ndege. Alafu linganisha na namba za vipande: Halifax kiwandani iliitwa H.P.57, kwa hiyo ukikuta vibao vyenye namba zinazoanza na 57 unajua ni Halifax. Kama mmoja wa waliokuwa ndani ya ndege hajulikani alipo na hakuna kaburi lake, simama hapohapo, toa taarifa, hiyo si kazi yako tena. Waholanzi, serikali yao yenyewe ndo inatoa ndege zenye watu ndani, kama ile Stirling BK716, ndege ya mabomu ya Kiingereza, waliyoitoa ziwa Markermeer mwaka 2020, na hata vipande vidogo vya mifupa vilichambuliwa ili familia zijue.

Nje ya Uingereza kila nchi ina yake. Jeshi la majini la Marekani halitoi umiliki wa ndege zake zilizozama, kuna sheria ya 2004 kabisa. Ile B-17E iliyoitwa Swamp Ghost ilitua kwenye kinamasi cha Papua New Guinea Februari 1942, ikafunguliwa na kutolewa 2006, ikakaa bandarini Lae miaka kwa sababu ya mgogoro wa nani mwenye haki nayo, ikafika Marekani 2010. Kwa wale wa nyumbani Afrika Mashariki pia, kumbukeni mwaka 1940 ndege za mabomu za Afrika Kusini aina ya Ju 86 zilikuwa zinaruka kutoka Eastleigh, Nairobi, kwenda kuwapiga Waitaliano upande wa Moyale. Ukikutana na bati la ndege huko kaskazini usilipeleke kwa mpima skrepa, piga picha, chukua GPS, peleka taarifa makumbusho, sheria ya Kenya ya 2006 na ya Tanzania ya mambo ya kale ya 1964 zipo kwa vitu kama hivyo.

Vitu vinavyoua

Soma sehemu hii polepole. Risasi na mabomu kila mtu anavijua, ukikuta kitu chochote cha namna hiyo ondoka, piga polisi, usibebe kwenye gari. Ila kuna vingine havionekani kama silaha. Redio ya utambulisho, IFF, iliwekewa baruti ndogo ya kujilipua ili adui asiipate. Fataki za ishara bado zinawaka. Saa za dashibodi zimepakwa rangi ya kung'aa yenye radiamu, hata kama haing'ai tena mionzi bado ipo palepale, kwa hiyo usifungue kioo, usikwangue, usikae nazo chumbani, weka kwenye mfuko uliofungwa na mpigie mtaalamu. Mitungi ya kuzimia moto ya enzi zile ilikuwa na methyl bromide, hiyo ni sumu. Kuzunguka bomba za ekzosi kuna asbesto. Bolti nyingi zimepakwa kadmiamu, ukizipiga grenda unavuta sumu. Na ile praima ya kijanikijani-manjano ni ya kromati, inaleta kansa, usiipige msasa mkavu hata siku moja: lowesha, vaa barakoa yenye filta na glavu.

Kuvuta

Piga picha kila upande kabla hujagusa, nyingi kupita kiasi, zenye kugongana ili programu ya kompyuta iweze kuzijenga kuwa umbo zima. Chora ramani ya kila kipande kilipolala. Kipande bila mahali kilipotoka kimepoteza nusu ya habari yake.

Fungua ndege pale kiwanda kilipoiunga, usikate. Lancaster ilijengwa vipande vikubwa vilivyounganishwa kwa bolti ili vibebeke kwa lori, kwa hiyo sehemu za kufungulia zipo, ukitafuta kwenye kitabu chake cha mwongozo cha RAF, AP 2062, utaziona, Halifax kitabu chake ni AP 1719. Bolti ikikataa, mafuta ya kupenyeza, subira, joto kidogo, rudi kesho. Kukata spa ya bawa kwa grenda ili lori liondoke mapema ni dhambi, maana ile spa ndo uti wa mgongo na hutaiunga tena ikawa ileile.

Kunyanyua, mikanda mipana ya kitambaa, sio minyororo, na ipite chini ya spa au fremu nzito, usining'inize kitu kwa bati la nje. Bodi iliyojaa tope ina uzito mara kadhaa ya ndege yenyewe, toa tope kwanza humohumo kwa maji ya taratibu, alafu acha maji yatoke polepole wakati inapanda. Dornier Do 17, ndege ya mabomu ya Wajerumani, iliyotolewa baharini Goodwin Sands, pwani ya Kent, Juni 2013 ililala chali kama mita 15 chini tangu Agosti 1940, na wale jamaa walibadilisha mpango wa kuinyanyua palepale baharini kwa sababu ya hali ya hewa. Uwe na mpango wa pili, na uwe tayari kuondoka bila kitu.

Siku za mwanzo na kutu

Swali la kwanza: maji yalikuwa ya chumvi au matamu? Ziwa la baridi ni rafiki, ndo maana zile Halifax za Norway zilitoka na rangi. Wellington N2980 ilizama Loch Ness siku ya mwisho ya mwaka 1940, ikatolewa Septemba 1985, na ule mfumo wake wa mbavu za kusukana alioubuni mhandisi Barnes Wallis ulikuwa bado umesimama, leo iko Brooklands. Kipande cha maji matamu kioshe, kitoe tope lote kwenye mikunjo, kikauke polepole kivulini.

Cha baharini usiruhusu kikauke hata kidogo. Chumvi imeingia ndani ya chuma, kikikauka inapasua bati kwa ndani, linafumuka tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma. Ile Dornier iliwekwa kwenye mahema marefu pale makumbusho ya RAF, Cosford, ikanyunyiziwa maji yenye asidi ya sitriki hafifu kwa muda mrefu ili kloraidi itoke, njia iliyofanyiwa utafiti na Imperial College. Kwa kipande kidogo unaweza kutumia pipa la plastiki: maji safi, badilisha, pima kloraidi kwa vijiti vya kupimia, badilisha tena mpaka kipimo kitulie chini. Inachukua miezi. Vipande vya magneziamu kama rimu za magurudumu na makasha ya injini, baharini huwa vimeshayeyuka, usijilaumu.

Chuma cha kawaida unaweza kukisafisha kwa umeme, pipa la maji na magadi soda na chaja ya betri ya volti 12, fanyia nje penye hewa maana inatoa gesi ya hidrojeni. Ila ALUMINIAMU USIIWEKE HUMO KABISA, magadi yanaila. Vilevile usitumie brashi ya waya ya chuma kwenye aluminiamu, inaacha chembe za chuma ambazo zinaanzisha kutu mpya. Tumia brashi ya nailoni, au upulize maganda ya njugu za walnut yaliyosagwa kwa presha ndogo. Mchanga hapana, unakula ile ngozi nyembamba ya aluminiamu safi iliyopakwa juu ya bati kulilinda.

Pale bolti ya chuma inapogusa aluminiamu ndo utakuta uozo mkubwa kuliko kote. Ukirudishia, paka praima ya epoksi pande zote, na katikati weka Duralac, ile pasta ya kutenganisha chuma na aluminiamu, kisha funga ikiwa mbichi.

Bati na ribiti

Hapa ndo utakaa maisha. Bati lililokufa usilitupe, linakuwa patani ya kukatia jipya. Toa ribiti kwa kutoboa kichwa katikati kwa drili ndogo kuliko mwili wa ribiti, kichwa kikichomoka sukuma mwili kwa panchi huku umeegemeza nyuma. Ukiharakisha tundu linakuwa yai.

Bati jipya, kwa ndege za Mmarekani ni 2024-T3 yenye ngozi ya aluminiamu safi, unene uleule wa mchoro. Michoro ya ndege nyingi za Kimarekani utaipata AirCorps Library, maktaba ya mtandaoni. Hamisha matundu kutoka bati la zamani, shikilia kwa kleko, vile vibanio vya muda vinavyoingia kwenye tundu (za rangi ya shaba ni za tundu la inchi 1/8, za fedha ni 3/32, nyeusi 5/32), toboa, achanisha mabati, ng'oa makombo kwenye kingo za matundu, paka praima, rudishia.

Kwa ribiti ya inchi 1/8 tumia drili namba 30. Urefu wa ribiti ni unene wa mabati yote ukijumlisha mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti. Ukishaigonga, kichwa cha nyuma kiwe na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo na kimo cha nusu kipenyo. Kati ya tundu na ukingo wa bati acha si chini ya vipenyo viwili, kati ya ribiti na ribiti si chini ya vitatu. Bunduki ya ribiti upande mmoja, mwenzako na chuma cha kupokelea upande wa pili, na mkubaliane lugha ya kugonga ukutani maana hamtasikiana. Presha iwe ndogo mwanzoni. Ribiti ngumu za DD zinapikwa kwanza kwenye tanuri kisha zinazimwa kwenye maji na kuwekwa frizani, ukizitoa una dakika chache tu kabla hazijagoma. Kwa onyesho tu, ribiti laini za AD zinatosha, ila andika kwenye daftari kwamba umebadilisha.

Fanya mazoezi kwenye mabati chakavu mpaka mistari yako mirefu itoke sawa. Mzee mmoja aliyenifundisha alikuwa hanigusishi ndege, ni vipande vya mazoezi tu, na alikuwa anakagua kwa kupitisha kidole amefumba macho.

Injini, mi ningesema ifanye ya kuonekana tu. Toa plagi, mimina mafuta ya kupenyeza kwenye silinda, zungusha kwa mkono baada ya wiki kadhaa, ikikataa acha. Tamaa ya kuwasha ndo inaharibu. B-29 inayoitwa Kee Bird ilitua Greenland Februari 1947, ikakaa nzima kwenye baridi, timu ya rubani Mmarekani Darryl Greenamyer ikaifufua 1994 na 1995, wakabadilisha injini palepale barafuni, fundi wao mkuu Rick Kriege akaugua akafariki. Mei 1995 ikiwa inatembea kujiandaa kuruka, petroli ikavuja kutoka kwenye jenereta ndogo ya nyuma, moto ukaanza, na ndege iliyokaa salama karibu miaka hamsini ikateketea siku hiyohiyo. Petroli ya zamani, mabomba ya zamani na haraka havikai pamoja.

Kuitunza

Ukimaliza kipande, kiweke juu ya mbao au mpira, kisiguse saruji. Matundu ya kutolea maji yaliyoko chini ya bodi yazibue, kiwanda kiliyaweka kwa sababu. Hewa ya banda iwe kavu, kama huna uwezo wa mashine basi angalau ipite, usifunike kwa turubai la plastiki maana linakusanya jasho. Ndani ya mikunjo puliza ACF-50, mafuta ya kuzuia kutu, rudia kila mwaka. Kila kipande kiwe na lebo ya kufunga kwa waya, sio stika: kilitoka wapi, namba yake, nini cha asili na nini umetengeneza wewe, na bati lako jipya ligonge tarehe kwa ndani ili fundi wa miaka hamsini ijayo asidanganyike.

Na familia zikipatikana, ziandikie mapema, kabla ya kuwaambia watu wengine wowote. Waulize wanataka jina la ndugu yao liandikwe vipi, na kama wanapenda waje kuona. Vitu binafsi kama pete, kitambulisho au kisanduku cha sigara chenye jina havihesabiki kwenye vipande vya ndege, vikabidhi kwa mamlaka iliyokupa leseni ili viende kwao.